Jinsi tulivyoondoa daftari kwenye foleni ya uji

Shule yetu ya msingi iko juu kwenye milima ya Kilolo, mkoani Iringa, na wanafunzi wengi wanatoka vitongoji vya mbali. Asubuhi ya mwezi wa saba mtoto anafika miguu imekufa ganzi kwa baridi. Ada ilifutwa, elimu bila malipo ikaanza 2016, lakini chakula cha shuleni kilibaki juu ya wazazi. Kwetu ilikuwa debe la mahindi kwa kila mtoto kwa mwaka, maharage kidogo, pamoja na hela ya kusaga na ya mpishi.

Utaratibu ulikuwa mwepesi kuuelewa na mgumu kuutazama. Mwalimu wa zamu alisimama na daftari pembeni ya sufuria. Jina lenye tiki linapata uji. Jina lisilo na tiki linasogea kando na kikombe chake. Watoto wenyewe walishazoea, wengine hata foleni walikuwa hawapangi tena, wanaenda zao nyuma ya madarasa mpaka kengele igongwe.

Nilipochaguliwa kuingia kamati ya shule, maneno niliyoyakuta ni kwamba "wazazi ni wagumu". Niliomba lile daftari. Tukalipitia jina kwa jina mimi, mwenyekiti wa kitongoji na mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii, ambaye kila nyumba anaifahamu. Tukaona wasiolipa ni watu wa aina mbili, na haikuwa haki kuwaweka kapu moja. Wapo waliokuwa na mahindi ghalani lakini akili iko kwenye ulanzi, pombe ya mianzi. Na wapo ambao kweli hawana: bibi wanaolea wajukuu walioachwa na UKIMWI, akina mama wa vibarua, kaya ambazo tayari zimo kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Mgambo akitumwa, nyumba ya aina ya kwanza ana la kuchukua. Nyumba ya aina ya pili anachukua kuku wa mwisho, na mtoto bado hali.

Kikao cha kwanza mhudumu wa afya alitueleza kwamba utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Mkoa unaouza mahindi kwa malori! Wapo wanaosema akina mama wa huku ni wazembe. Mimi hilo silikubali. Mama anaondoka alfajiri kwenda kinyunguni, bustani ya bondeni, mdogo anabaki na dada yake wa miaka saba na kiporo cha ugali. Uzembe hapo uko wapi?

Tukaanza kuzunguka, na popote tulipoingia tuliomba kitu kimoja tu kinachoeleweka. Neno "msaada" tuliliacha nyumbani, maana linawafanya watu waangalie chini. Usharika tuliuomba mahindi ya mnada wa sadaka ya mavuno: mtu akishanunua gunia pale kanisani, akiguswa aliache kwa ajili ya shule. Waliguswa wengi kuliko tulivyotegemea.

Kwa mwenye mashine ya kusaga ndipo kazi ilipokuwa. Alikubali haraka kutusagia bure, mradi pumba zibaki kwake, kwa sababu anafuga nguruwe. Mhudumu wa afya akakataa palepale: watoto wanywe uji wa dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa, na dona haiachi pumba. Mzee akacheka, "Basi mama, nguruwe wangu na watoto wenu hawawezi kushiba siku moja." Tukarudi kwake tena na tena. Mwisho tukaelewana kwamba atasaga dona kwa nusu bei, Jumatatu, siku ambayo mashine yake hulala. Ile nusu ikabebwa na kikundi cha akina mama wa VICOBA, wanaoweka na kukopeshana, kutoka mfuko wao wa jamii. Nao walikuwa na sharti: wasomewe hesabu kila mwisho wa mwezi, kwa mdomo, siyo karatasi ubaoni.

Jambo lililozua kelele kwenye mkutano mkuu wa kijiji ni pendekezo la kuliondoa daftari shuleni kabisa. Tulisema kila kitongoji kipewe kiwango chake, na mchango uandikwe kwa kitongoji, siyo kwa mtoto. Nani atoe nini, wenyewe wakae waamue huko huko. Asiye na mahindi alete kuni, achote maji, apike zamu au apalilie shamba la shule. Bibi mmoja alisimama akasema, "Mwanangu, debe silipati. Lakini jembe ninalo, na njegere najua kulima kuliko nyie." Wenye mahindi wakalalamika kwamba wavivu watajificha nyuma ya kitongoji. Ni kweli, wapo waliojificha. Mwenyekiti mmoja wa kitongoji akapata dawa: msimu wa ulanzi anakwenda kukusanya kilabuni, jioni, watu wote wakiwa wamekaa. Pale hakuna anayesema hayupo.

Kwa wanaotaka kujaribu kwao, msisahau ghala. Mahindi yetu ya mwanzo dumuzi, wadudu wa ghalani, waliyageuza unga kabla ya mashine. Sasa tunatumia mifuko isiyopitisha hewa, na mlango una kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwalimu mkuu, mwingine kwa mzazi. Walimu nao wamefurahi, maana kazi ya kumfukuza mtoto mwenye kikombe mkononi hakuna aliyeipenda.

Mvutano tulio nao sasa ni wa wadogo. Tangu habari ya uji ienee, wanafunzi wanakuja na wadogo zao wa miaka miwili mitatu mgongoni, na hao hawamo kwenye hesabu ya shule. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe, kwa hiyo tumemwandikia mtendaji wa kata tukiomba sehemu ya fedha hiyo ifike hapa. Kamati yenyewe imegawanyika. Wengine wanasema tukianza hatutaweza kumaliza mwaka. Mimi nimesema wapewe, na kitongoji changu kimeongeza magunia mawili juu ya kiwango chake ili nisibaki na maneno matupu.