Dawa ya Mama ilitoka kwenye gome

Mama amemaliza dripu ya nne ya paklitakseli, dawa ya saratani, leo. Tumerudi na matatu ya Kawangware, leso kichwani, anacheka kwamba hata nyusi zimemkimbia.

Jirani yetu anamsihi aache "sumu za hospitali" ajaribu mitishamba. Nikamwambia, shosho, hii nayo ni mitishamba! Ilitoka kwenye gome la Taxus brevifolia, mti wa magharibi mwa Marekani. Gome lilikusanywa 1962, na 1971 Monroe Wall na Mansukh Wani wakachapisha muundo wa kemikali yake.

Na yale maua ya rangi ya waridi hapo langoni kwake, Catharanthus roseus, asili yake Madagaska, ndiyo hutoa vinkristini wanayopewa watoto wenye saratani ya damu. (Asije akayachemsha tu, yana sumu.) Seli ikitaka kugawanyika hujenga nyuzi nyembamba za kuvuta kromosomu. Vinkristini huzuia nyuzi zisijengwe; ya Mama huzigandisha zisibomoke. Kwa vyovyote seli inakwama na kufa.

Shida ni kwamba mishipa ya fahamu nayo inazihitaji nyuzi hizo. Ndiyo maana Mama ana ganzi vidoleni, vifungo vya sweta vinamshinda, nyayo zinamwaka usiku. Alikuwa akimficha daktari, anaogopa dawa itakatizwa. Leo nimesema mimi. Dozi imepunguzwa kidogo.

Kikombe kimemponyoka mara mbili. Nimemnunulia cha plastiki. Amenuna.