Schackrutor: rangi mbili, ugumu mmoja

Katika biskuti zote za Kiswidi za kunywea kahawa, schackrutor ndizo zinazonishughulisha zaidi. Ni biskuti ndogo za mraba zenye vyumba vinne, viwili vyeupe vya vanila na viwili vya kakao, mfano wa kipande cha ubao wa drafti. Zamani Mswidi akialika watu kwa kahawa alitarajiwa kuandaa aina saba za biskuti. Zikipungua ataonekana bahili, zikizidi ataonekana anajionyesha. Naelewa kwa nini schackrutor zilipata nafasi kwenye sahani hiyo: viungo vyake ni vya kawaida kabisa, uzuri wote unatoka mikononi.

Anayezipika mara ya kwanza huhangaika na mpangilio wa rangi, na kumbe huo ndio wepesi. Kazi ni kuyafanya madonge mawili yawe na ugumu uleule. Kakao hufyonza unyevu na mafuta kuliko unga wa ngano. Ukiiongeza kwenye donge ambalo tayari limeshiba unga, nusu nyeusi hukauka na kupasuka huku nyeupe ikibaki laini. Ukizikandamiza pamoja, moja inatanuka na nyingine inagoma, na biskuti zinaachana kwenye maungio.

Kwa hiyo unga wote usiutie mwanzoni. Changanya siagi gramu 200 iliyolainika kidogo, sukari gramu 90, vijiko 2 vya chai vya sukari ya vanila na unga wa ngano gramu 270. Gawa donge katikati, kwa mizani, si kwa macho. Nusu moja itie vijiko 2 vya chakula vya unga, nyingine vijiko 2 vya chakula vya kakao isiyo na sukari, iliyochekechwa. Ukijumlisha utaona uwiano wa zamani wa donge la namna hii: unga sehemu tatu, siagi mbili, sukari moja. Anza kukanda nyeupe. Ukianza na nyeusi, vidole vitaichafua nyeupe na doa halitoki. Acha mara tu donge linaposhikana, maana ukikanda sana biskuti zitakuwa ngumu badala ya kumung'unyika.

Yai halimo, hamira ya unga haimo. Hilo ni la makusudi: chochote kinachoumua donge hufanya pembe ziwe mviringo, na mraba usio na pembe si schackruta tena. Siagi ya Uswidi mara nyingi huwa na chumvi tayari. Yako ikiwa haina, ongeza chembe chache. Margarini laini ya kupaka mkate siipendekezi hata kidogo, kwa sababu ina maji mengi na biskuti zitatandaa.

Kila nusu itoe fimbo mbili za sentimita 30, unene wa sentimita 2. Hapa usiwe na haraka. Fimbo ya mviringo ikipangwa na wenzake huacha tundu katikati, na tundu hilo litaonekana kwenye kila biskuti. Gongesha pande nne za kila fimbo kwa ubapa wa kisu kipana au kwa rula mpaka ziwe bapa, kisha ziweke kwenye friji dakika 20. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa zipe dakika 40, maana siagi huanza kulegea hata kabla hujamaliza kupima. Futa unga wowote uliobaki juu, kwani unga mkavu huzuia kushikana, halafu paka ute wa yai mwembamba sana kwenye nyuso zitakazogusana. Chini weka nyeupe na nyeusi, juu nyeusi na nyeupe. Bana pande zote kwa upole ziwe mche mmoja, funga kwa karatasi, rudisha kwenye friji angalau saa moja.

Kata vipande vya milimita 5 hadi 6 kwa kisu chembamba chenye makali. Geuza mche upande mwingine kila baada ya vipande vichache ili upande wa chini usibonyee, na futa kisu, la sivyo kakao itachora mistari kwenye weupe. Mche ukivunjika badala ya kukatika, umepoa mno. Uache nje dakika 5. Ukibonyea, urudishe ndani. Hutoa biskuti kama 50.

Oka kwa nyuzi 175, trei ikiwa katikati ya oveni, dakika 10 hadi 12. Usisubiri zigeuke rangi ya dhahabu, kwa sababu weupe ukiungua kidogo tu, tofauti ya rangi uliyoitafuta inafifia. Angalia ukingo wa chini: ukianza kuwa na rangi hafifu, toa. Zitakuwa laini bado, na ukizinyanyua zitakatika, basi ziache zipoe palepale kwenye trei.

Zikipoa kabisa, zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa. Zikifungiwa na uvuguvugu zitalegea. Mche mbichi unakaa kwenye friza miezi miwili bila shida. Uhamishie kwenye friji usiku, na asubuhi unaukata kabla wageni hawajafika.