Kikao cha asubuhi ofisini kwetu

Kazi yetu ya kutoa mizigo katika bandari ya Mombasa hupita mikononi mwa watu wengi: mwandaaji wa hati za forodha, mfuatiliaji wa ukaguzi, mlipaji wa ushuru na dereva wa lori. Mmoja akinyamaza, kontena hulala bandarini na mteja hutozwa gharama za kuhifadhi mzigo.

Mabadiliko yalianza pale msimamizi wetu, mama mwenye subira kubwa, alipoanza kutukalisha pamoja kila asubuhi kabla ya simu kuanza kulia, akimtaka kila mmoja aseme kilichokwama, na akiwatanguliza madereva, ambao hapo awali hakuna aliyewauliza neno ilhali ndio wanaoijua foleni ya langoni kuliko sisi sote. Anayeleta habari mbaya hamkemei. Humshukuru, kisha huuliza ni nani atakayemsaidia.

Baadaye nilisoma kuhusu Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye katika miaka ya 1990 alichunguza timu za wauguzi hospitalini na kukuta kwamba zile zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi, kwa kuwa watu wake hawakuogopa kuyataja. Ndivyo ilivyo kwetu: kasoro za hati zinazotajwa kikaoni zimeongezeka, na zinazogunduliwa bandarini zimepungua.

Wenzetu wa zamu ya usiku bado hupata habari kwa karatasi tu, jambo linaloniuma, na nimeomba wafanyiwe kikao chao jioni wanapoingia kazini.