Mnunuzi ni nani? Shajara ya soko huria na tiba, Dodoma

Wanafunzi wa udaktari wa hapa Dodoma wakifungua mjadala wa soko huria katika afya, hugawanyika mapema. Kuna wanaotaka serikali ijitoe kabisa na bei zijipange zenyewe, na kuna wanaosema ugonjwa si bidhaa, basi yaishe. Nimelitafakari hilo tena leo, na naona pande zote mbili zinaruka swali la kwanza: anayenunua ni nani, anajua nini kuhusu anachokinunua, na fedha anayo lini?

Nchi yetu imepita njia zote mbili. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia tiba binafsi ya biashara, marekebisho ya 1991 yakairuhusu tena, na kuanzia 1993 hata hospitali za serikali zikaanza uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya gharama. Kwa hiyo suala la soko liwepo au lisiwepo lilishapitwa. Lipo tayari. Kinachofaa kusomwa ni pale linapofanya kazi na pale linapoumiza.

Mnunuzi wa mbuzi pale mnada wa Msalato hushika mgongo, hutazama meno, akiona bei haieleweki anaenda kwa muuzaji wa pili. Mgonjwa hana uwezo huo. Mwaka 1963 mchumi Kenneth Arrow alieleza kwa nini: mtu hajui ataugua lini, na akishaugua, yule anayemuuzia ndiye huyo huyo anayemwambia anahitaji nini. Mwanafunzi anayependa soko huria aanzie hapo, kwa sababu ndiyo hoja nzito kuliko zote atakazokutana nazo.

Tazama kitu kidogo kwenye duka la dawa: nusu dozi. Mtoto wa miaka miwili ana nimonia isiyo kali. Amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250 ni vidonge 2 asubuhi na 2 jioni kwa siku 5, yaani vidonge 20. Mama ana fedha ya karatasi moja ya vidonge 10, basi ananunua hiyo. Dawa inaisha baada ya siku mbili na nusu, na mara nyingi homa inakuwa imeshuka. Kwake dawa imefanya kazi, tena kwa nusu ya gharama. Muuzaji aliyekubali kukata amepata mteja wa kudumu. Aliyesisitiza dozi kamili amempoteza. Soko limempa tuzo asiyestahili, na hakuna aliyefanya hila. Ni kwamba matokeo ya kosa hayaonekani siku ya kununua.

Mafunzo na ukaguzi wa maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, vinasaidia. Lakini naamini dawa kubwa ya tatizo hili ni namna ya kufungasha. Dawa mseto ya malaria imefungwa kwa uzito wa mgonjwa: mtu mzima anapewa pakiti moja ya vidonge 24, vinne kwa kila mara, mara mbili kwa siku kwa siku 3, na dozi ya pili inafuata saa 8 baada ya ile ya kwanza. Pakiti ikiwa moja na bei ikiwa moja, mteja haoni pa kukata.

Dawa hiyo hiyo ina somo jingine. Kati ya 2010 na 2012 Tanzania ilikuwa kwenye mpango wa kimataifa uliotia ruzuku kwenye bei ya kiwandani, kisha waagizaji na wenye maduka wakaachwa waisambaze kibiashara, pakiti zikiwa na nembo ya jani la kijani. Dawa ikafika madukani na bei ikashuka. Kilicholegea ni upimaji: mwenye homa isiyo ya malaria naye alinunua, kwa kuwa ruzuku ilishusha bei ya dawa bila kuhakikisha kipimo cha haraka cha malaria kinatangulia. Ukishusha bei ya kitu kimoja, uliza pia kile kinachopaswa kukitangulia kinauzwaje.

Sasa mfano wetu wenyewe, ambao sichoki kuwarudishia wanafunzi. Mwaka 2014 mkoa wa Dodoma ulianza mfumo wa mshitiri, maarufu kama Jazia. Awali zahanati iliyokosa dawa Bohari ya Dawa, ghala la serikali, ilitafuta muuzaji yenyewe, kwa oda ndogo na kwa bei ya siku hiyo. Chini ya mshitiri, mkoa unatangaza zabuni, wauzaji binafsi wanashindana, na mmoja anapewa mkataba wenye orodha ya bei. Kituo kinaanza kuagiza Bohari. Dawa ikikosekana huko, mganga mfawidhi anaandika oda ya nyongeza, wilaya inaipitia na kuiunganisha na za vituo vingine, mshitiri analeta mzigo, unakaguliwa, kisha analipwa kutoka fedha za vituo: za bima na za papo kwa papo. Baadaye mfumo ukaenea nchi nzima. Huo ni ushindani wa kweli, lakini mnunuzi ni mkoa mzima, mwenye mtaalamu wa dawa mezani, wala si mama mwenye mtoto mwenye homa.

Mfumo huu unapokwama, hukwama sehemu zinazojulikana. Ya kwanza ni hesabu ya matumizi. Zahanati imetumia makopo 6 kwa miezi 3, mwandishi wa oda anagawa na kupata 2 kwa mwezi. Lakini kadi ya stoo inaonyesha mwezi mmoja rafu ilikuwa tupu. Dawa ilitumika miezi 2 tu, hivyo wastani ni makopo 3. Akiandika 2, upungufu wa robo hii anauhamishia robo ijayo. Ya pili ni mapokezi: ukubwa wa pakiti, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda vilinganishwe na oda kabla ya kusaini, maana ukishasaini, hoja yako imekwisha. Ya tatu, na mbaya zaidi, ni kuchelewa kulipa. Muuzaji anayelipwa kwa kuchelewa hupunguza mzigo, na kwenye zabuni inayofuata anapandisha bei ili kufidia mtaji uliolala.

Kwa kliniki binafsi, hesabu fupi inaeleza mengi. Tuseme kodi, mishahara na umeme ni shilingi milioni 6 kwa mwezi, siku za kazi 26. Wagonjwa 20 kwa siku ni 520, hivyo kila mmoja lazima aache 11,538 baada ya kutoa gharama ya dawa na vitendanishi. Wakiwa 35 kwa siku, inashuka hadi 6,593. Ndiyo maana kliniki zinasongamana mjini na hazionekani vijijini Chemba. Ndiyo maana pia, wagonjwa wakipungua, vipimo visivyo vya lazima huongezeka.

Halafu kuna msimu. Huku kwetu fedha huingia baada ya mavuno ya mtama na alizeti, ilhali malaria huzidi wakati wa mvua na baada yake kidogo, ghala likiwa tupu. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii wa kujiunga kwa hiari, ilipoanza mwaka 2018 ilitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, yaani 5,000 kwa mtu kwa mwaka. Hata hivyo, kuandikisha Januari ni kumwomba mkulima fedha ambayo hana, na watakaojikamua kulipa ni wale ambao tayari wana mgonjwa ndani. Mfuko wa hiari ukijaa wagonjwa peke yao hauna pa kusimama. Waandikishe Juni na Julai, pale pale mazao yanapouzwa.

Mwanafunzi anayekwenda Bahi au Mvumi kwa mazoezi, nje ya wodi aombe kuona vitu vitatu: kadi ya stoo ya amoksilini ya miezi 6, ankara ya mwisho ya mshitiri, na tarehe ankara hiyo ilipolipwa. Aandike idadi ya siku kati ya mapokezi na malipo, kisha aangalie rafu ya amoksilini ina nini.