Mlango wa faiba uliokataa kukauka

Mlango ule uliingia Lubumbashi kwa lori, kupitia mpaka wa Kasumbalesa, Julai 2018. Faiba, yaani plastiki yenye nyuzi za kioo, sentimita 91 kwa 203, uso una mistari kama ya mbao, rangi ya kiwandani ya njano kama maziwa yaliyochacha. Mama mwenye nyumba, pale Bel-Air, alitaka ufanane na viti vyake vya mukula, mbao nyekundu ya huku.

Mbao hunywa rangi. Faiba hainywi kitu. Rangi nyepesi ya seremala ingeteleza tu, kwa hiyo tulihitaji ya jeli, nzito kama mtindi, inayokaa juu na kunasa kwenye mistari. Tena mlango wa njano hubadilisha rangi ya kopo. Tulijaribu tatu kwenye kona ya upande wa ndani, kila moja ukubwa wa kiganja, tukazitazama juani na kivulini, tukazifuta kwa waiti-spiriti, kiyeyusho cha rangi, kabla hazijakauka. Mahogani peke yake ilitoa rangi ya nyama mbichi. Tukachukua rangi ya mti wa jozi (walnut), ya kahawia, tukachanganya vijiko vinne vyake na kimoja cha mahogani ya kampuni ileile.

Bawaba na kitasa vilitoka, kioo kikazungushiwa tepu ya karatasi, mlango ukalazwa juu ya vigoda viwili vyenye blanketi. Sabuni kidogo, maji, kisha kitambaa chenye waiti-spiriti. Msasa hapana: unakula ile mistari, na ikishaondoka hairudi. Asetoni nayo inaweza kuiharibu faiba.

Kosa letu lilikuwa haraka. Asubuhi za Julai hapa hushuka chini ya nyuzi 10, na kopo liliandikwa usipake chini ya hapo. Tulianza saa moja, tena tukapaka nene ili wekundu uonekane kwa mara moja. Siku ya tatu kijana wangu wa kazi akagusa, kidole kikabaki na alama.

“Yaya,” yaani mkubwa wangu, “rangi inakatala kukauka.”

Vanishi juu ya rangi mbichi ingejikunja na kubanduka, kwa hiyo tulifuta mlango mzima, brashi laini na waiti-spiriti, mpaka njano ikarudi. Nusu siku. Vitambaa vyote tulivitandaza kwenye waya, kimoja kimoja: vya mafuta vikirundikwa hupata joto na kuwaka vyenyewe.

Mara ya pili tulingoja saa nne, kivulini. Paneli kwanza, kisha mihimili ya ulalo, mwisho ya wima, kila kipande kikamilike kabla ya kingine kuanza. Ukirudi nyuma kwenye rangi iliyoanza kushika, unaacha baka. Paka, kisha vuta brashi kavu kufuata mistari, mkono mwepesi, ukiifuta brashi kwenye kitambaa kila mara. Mkono wa kwanza wa rangi ulionekana hafifu na mama akanung'unika. Tukangoja siku mbili, tukapaka wa pili. Hapo mukula ikatokea.

Vanishi isiyo na rangi, ya nje, yenye kinga ya jua, ilipata mikono mitatu, maana mlango unatazama magharibi. Kopo la lita moja la jeli halikuisha hata nusu.

Mlango ulikuwa umeshaning'inia tulipokumbuka kwamba makali ya juu hayajapakwa. Ndani ya faiba kuna fremu ya mbao, na mvua za Novemba hupenyea hapohapo. Kijana akapanda ngazi na brashi, na yale ya chini tukayafikia kwa kuung'oa mlango tena.