Honi yangu na wiki tano za kulaumu lehemu

Nimeunda honi ya bati, yaani antena yenye umbo la faneli, ya kupima kelele ya redio itokayo angani, nikitafuta humo mabaki ya joto la Mlipuko Mkuu (Big Bang) ulioanzisha ulimwengu. Jana usiku grafu imenyooka. Kila nilipozidi kuinamisha honi kuelekea ziwani, kelele ilipanda, kama inavyopaswa hewa ikizidi kuwa nene, maana hewa nayo hutoa kelele. Nimepiga yowe mpaka mbwa wakaamka.

Wiki tano mambo yalikuwa kinyume. Honi ikitazama juu kabisa, ndipo kelele inajaa. Nikalaumu lehemu, nikaifungua, nikarudia. Nikabadilisha LNB, kile kipokezi cha mdomoni mwa dishi. Nikamrudishia fundi wa bati anyooshe kingo, akaniuliza posho mill yenyewe nafungua lini. Penzias na Wilson, wanasayansi walioigundua kelele ya Mlipuko Mkuu kwa honi yao kule Holmdel, Marekani, mwaka 1964, walisingizia njiwa, wakasugua kinyesi, kelele ikabaki. Mimi sikuwa hata na njiwa.

Jibu lilikuwa kwenye paa la jirani. Dishi lake la DStv limelala chali, kidogo tu likinge mvua. Setilaiti yake iko nyuzi 36 mashariki, juu ya ikweta. Nakuru nayo ni nyuzi 36 mashariki, na ikweta iko kama kilomita 33 kaskazini. Yaani iko utosini pangu! Mkanda mzima wa setilaiti unapita juu ya choo chetu, mashariki hadi magharibi, nami nilikuwa nasikiliza mpira nikidhani ni lehemu.

Sasa naanzia nyuzi 25 kutoka utosini, kusini tu. Ili nipate baridi inayojulikana ya kulinganishia anga, daktari anayepandikiza ng'ombe mbegu kule Njoro alinimiminia lita mbili za nitrojeni ya maji kutoka mtungi wake: Kelvini 77 (kama nyuzi 196 chini ya sifuri), sponji nyeusi inayonyonya mawimbi ndani ya boksi la povu, honi ikafunika juu. Anga ikasoma Kelvini 13. Humo mna hewa, mna joto la ardhi linalovuja pembeni, na mahali fulani mna zile 2.7 za Mlipuko Mkuu.

(Kimita cha mafundi wa dishi, kile kinacholia kama mbu, msikinunue kwa kazi hii. RTL-SDR, kidude cha USB cha kupokea redio kwenye kompyuta, inatosha, AGC (inayojirekebishia nguvu ya mawimbi yenyewe) ikizimwa.)

Sketi ya bati ya kuzuia joto la ardhi ndiyo ilikuwa kazi ya Jumamosi. Imeegemea ukuta wa jikoni, kuku wameshaihamia. Nimenaswa na jambo lingine: mwezi wa tisa jua litapita nyuma ya setilaiti ileile, karibu saa sita na nusu mchana, na nataka kuona grafu ikiruka. Jirani amekubali kuniazima dishi, mradi isiwe siku ya mechi.