Chumba kimoja kinatosha
Nimeirudia tena filamu ya 12 Angry Men ya 1957. Dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja, watu wanabishana tu, na simu sikuigusa. Iangalieni kamera: mwongozaji Sidney Lumet anaanza kuwachukua kwa juu, kisha anaishusha kidogo kidogo mpaka chini ya usawa wa macho. Dari linaanza kuonekana, chumba kinabana, jasho linawatoka, na wewe unakosa hewa nao. Za siku hizi nyingi ni ndefu bila sababu, tena giza tupu, sura za waigizaji unazibahatisha. Ila msinipakazie kwamba napenda za kale tu! Parasite ya 2019 naipa heshima zote. Zile ngazi pekee zinasimulia nusu ya hadithi.